Aliyeachwa Bila Kuachiwa

Haya hayakumpata mtu wa mbali. Yalimpata mtoto wa dada yangu, yule niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, na sehemu kubwa niliiona mwenyewe kupitia dirisha la chumba cha kufulia jezi. Nyingine alininong'oneza yeye. Nitayaeleza taratibu, moja baada ya jingine, kwa namna yalivyokuja, maana ukiyaharakisha hayaeleweki.

Siku ilianza kama siku yoyote. Dada yangu alikuwa ameshakaa kwenye cherehani chumba cha mbele, utepe wa kupimia shingoni, miwani kwenye ncha ya pua. Mwanawe alikuwa anakunywa chai amesimama, begi begani.

"Kaa unywe chai kama mtu," dada alimwambia.

"Nikikaa nitachelewa, mama."

"Utachelewa wapi? Uwanja una miguu?"

Akacheka, akamimina chai yote kooni, akanigeukia. "Twende, Mama Mfupi."

Ndivyo alivyoniita. Wengine humwita mdogo wa mama yao mama mdogo, lakini yeye tangu akiwa na umri wa miaka kumi na miwili alinipita kimo, akasema neno "mdogo" halitoshi kueleza hali yangu. Mimi nilimwita baba, kwa mapenzi. Mashabiki walimwita Kiberiti. Alikuwa mwembamba, kichwa kidogo, na alikuwa anawaka ghafla.

Tulikuwa tunatoka pamoja kila asubuhi kwa sababu kazi yetu ilikuwa sehemu moja. Yeye alikuwa amepandishwa msimu huo kutoka timu ya vijana kwenda kikosi cha wakubwa. Mimi nilikuwa nafua jezi za klabu hiyohiyo, chini ya jukwaa, kwenye chumba chenye mashine mbili, moja nzima na moja iliyokuwa ikiruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Kamba za kuanikia zilipita kutoka ukuta hadi ukuta. Dirisha langu lilikuwa usawa wa nyasi, kwa hiyo wachezaji niliwaona kuanzia miguuni.

Sasa lazima nieleze desturi moja ya klabu ile, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kosa.

Kijana akipanda kikosi cha wakubwa, anapewa mkubwa wa nafasi yake, anafuata nyuma yake mazoezini. Wanaita kuwa kivuli. Mkubwa akikimbia, kivuli anakimbia nyuma yake. Akigeuka, anageuka. Akimkwepa beki ambaye hayupo, na wewe unamkwepa beki ambaye hayupo. Akinywa maji, unakunywa. Kocha alisema hivyo ndivyo miguu inavyofundishwa jambo ambalo mdomo hauwezi kulisema. Na filimbi ya mwisho ikilia, kivuli hasogei. Anasimama palepale. Aliye mbele anageuka, anaweka kiganja kifuani kwa aliye nyuma, anamsukuma kidogo na kusema, "Nenda zako." Wa nyuma anajibu, "Nimekwenda." Hapo wanacheka, wanakwenda kuoga.

Wageni walidhani ni utani. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka nilipomuuliza kipa wetu mkongwe, ambaye wenzake walimwita Mlango kwa madai kwamba kila anayebisha anafunguliwa. Yeye kwa kawaida hakuwa na neno la maana kinywani. Lakini siku hiyo hakutania.

"Miguu ni kama mtoto, mama," alisema. "Ukiiambia ifuate, inafuata. Usipoiambia imetosha, itajuaje?"

Kiberiti alipewa Tingatinga.

Mtu huyo alikuwa mshambuliaji wa klabu ile kwa miaka mingi. Mabega mapana, shingo fupi, na goti moja lililozungushiwa bendeji kila siku kama mtoto mchanga. Uwanja mzima ulikuwa unaimba jina lake. Kiberiti alikaa benchi akisikiliza wimbo huo, na mazoezini aliutazama mgongo wa mtu huyo asubuhi hadi mchana.

Wivu ni kama unyevu kwenye nguo iliyokunjwa ikiwa bado haijakauka. Huuoni. Unasikia harufu tu. Mimi nilianza kuisikia nyumbani. Mezani hakuzungumza kitu kingine. Tingatinga amepitwa na beki. Tingatinga anachechemea akidhani haonekani. Tingatinga hataki kutoka.

"Mama Mfupi," aliniambia siku moja tukitembea, "ule mgongo nimeuchoka. Natamani siku moja niamke, mbele yangu pawe peupe."

Na Tingatinga naye alikuwa na lake. Kila siku alipogeuka kumwachia kijana, alianza kuchelewa kugeuka. Kisha akaanza kusukuma kwa nguvu. Niliona kwenye kifua cha mwanetu alama ya vidole vitano, nyekundu, kama mtu aliyebandikwa pasi.

"Nenda zako," alikuwa anasema, meno yakiwa yamebana.

Siku ninayoisimulia, kocha aliwakusanya katikati ya uwanja. Niliacha kuanika, nikasogea dirishani. Akasema Jumamosi ataanza Kiberiti. Halafu, bila kubadili sauti, akasema leo Tingatinga ndiye atakuwa kivuli.

Mtu mmoja alicheka, kisha akakimeza kicheko chake.

Wakaanza. Kiberiti mbele, Tingatinga hatua mbili nyuma. Mtu mzima mwenye watoto, akifuata kisigino cha kijana ambaye ndevu bado zilikuwa zinasitasita. Alifanya kila kitu. Hakuruka hata kimoja. Kiberiti alikunywa maji, naye akanywa. Kiberiti alifuta uso, naye akafuta.

Kisha Kiberiti akapiga goti kufunga kamba ya njumu.

Kamba ilikuwa imefungwa. Niliiona. Nilikuwa usawa wa miguu, hakuna kinachonipita pale. Nyuma yake Tingatinga akapiga goti kwenye lile goti bovu, taratibu, mkono mmoja chini. Uso wake ukawa wa kijivu.

Kiberiti akainuka. Akakimbia kidogo. Akapiga goti tena.

Filimbi ya mwisho ililia. Nje ya uzio walikuwa wamesimama waandishi wenye kamera, wakaita, "Kiberiti! Kiberiti, huku!" Akaenda. Hakugeuka.

Tingatinga alisimama pale, mikono imeshuka, kifua mbele, akisubiri kusukumwa. Wenzake walipita pembeni yake wakitazama chini. Mlango alimgusa bega, hakusogea. Waandishi wakaondoka. Mtunza uwanja akaanza kushusha nyavu za magoli, moja, kisha nyingine. Tingatinga bado alikuwa amesimama.

Nilipogeuka kuchukua kikapu na kurudi dirishani, hakuwepo. Hakurudi kazini siku iliyofuata, wala siku nyingine yoyote. Walisema ni goti.

Njiani kwenda nyumbani nilimuuliza, "Baba, mbona hukumgeukia mwenzako?"

"Nimesahau."

Tukatembea. Kisha akatabasamu pembeni ya mdomo. "Amenisukuma msimu mzima, Mama Mfupi. Na yeye asubiri kidogo."

Jumamosi alifunga magoli mawili. Wimbo uliokuwa wa mtu mwingine ukapewa jina lake. Nyumbani dada yangu alilia, akacheka, akamlisha mpaka akashika tumbo. Majirani waliingia na kutoka. Walipoondoka wote, mtoto alinivuta jikoni.

"Kulikuwa na mtu nyuma yangu," alinong'ona.

"Ni mabeki, baba. Ndiyo kazi yao."

"Mabeki nawajua. Wanataka mpira." Alitazama mlangoni. "Huyu hakuutaka mpira."

Nilimwambia ni uchovu. Lakini kesho yake mchana alipoingia kutoka mazoezini, nilikuwa nimekaa barazani nachambua mboga. Akapita, akasukuma mlango, ukajifunga nyuma yake. Kisha ukafunguka tena, kiasi cha kupita mtu. Ukajifunga. Polepole, kama anayeufunga ni mtu mwenye adabu.

Wiki zikasogea. Aliendelea kufunga, na mimi niliendelea kupewa habari jikoni, kwa sauti ya chini.

"Sasa hayuko nyuma tena. Yuko pembeni."

Halafu: "Leo nimekiona kisigino chake."

Halafu, kwa sauti iliyochanganya hofu na tamaa: "Yuko mbele, Mama Mfupi. Nikimfuata anakokwenda, mpira unaanguka hapohapo. Sikosi. Hata nikifumba macho sikosi."

"Nenda kwa Tingatinga," nilimwambia. "Nenda ukamalize. Mwekee mkono kifuani, mwambie neno lenyewe, basi."

Alikuna meza kwa ukucha.

"Nikimwachia," alisema, "na magoli yakaondoka naye?"

Hakwenda.

Kule kazini kulikuwa na jambo moja nililolifunga kinywani. Fulana ya mazoezi ya Tingatinga ilikuwa bado kwenye msumari wake. Hakuna aliyekuja kuichukua, nami niliifua, nikaianika, nikaitundika safi. Kila Jumatatu nilipofungua chumba niliikuta imelowa. Jasho. Lilikuwa linadondoka sakafuni. Na jezi ya Kiberiti, iliyochezewa dakika zote tisini chini ya jua, niliitoa kikapuni ikiwa kavu, imenyooka, inanuka sabuni.

Kisha yakaingia nyumbani.

Siku hiyo alirudi mchana ana njaa. Dada hakuinua macho kwenye cherehani.

"Umesahau nini tena?"

"Nimesahau nini wapi? Naingia sasa hivi, mama."

"Acha mzaha, mwanangu. Umekula, umenitungia uzi kwenye sindano, umetoka. Hata sahani hujaiosha."

Sahani ilikuwa mezani, imefutwa safi. Kijana aliitazama. Kisha akaitazama sindano yenye uzi mweupe.

"Nimekutungia uzi?"

"Mara tatu. Ukasema macho yangu yapumzike." Dada alitabasamu peke yake. "Siku hizi umekuwa mpole. Nilidhani mpira utakuharibu, kumbe umekutengeneza."

Hapo niliuona uso wa mtoto wetu. Sikuona hofu. Ningeiona hofu ningepumua. Ulikuwa uso wa mtu aliyesimama dirishani akitazama wengine wanakula chakula chake.

Maana ni kweli, alikuwa hajawahi kumtungia mama yake uzi. Hakuwahi kuwaza.

Toka siku hiyo alianza kukimbia kurudi nyumbani. Alitoka mazoezini bila kuoga. Hakufika wa kwanza hata mara moja. Anafika, kiti kina joto. Anafika, mama yake anafuta machozi ya kucheka, anamwambia, "Hebu rudia ile hadithi yako." Hadithi gani? Hakuijua. Mtaani alisalimia watu, wakamjibu, "Mbona tumeshasalimiana?" Kocha alimpongeza kwa maneno ya busara ambayo yeye kijana hakuyasema.

Mimi mwenyewe nilikutana naye ukumbini, mchana, jua limejaa hadi sakafuni. Alikuwa anatoka chumbani kwa dada.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba."

Nikampita. Nikapiga hatua moja, mbili. Nikasimama.

Mama mdogo?

Niligeuka. Ukumbi ulikuwa mtupu. Mlango wa nje ukapigwa teke, akaingia Kiberiti, fulana imemganda mwilini, anahema kama mbwa.

"Amepita hapa?"

Nilinyoosha kidole.

Alikaa chini palepale sakafuni. "Kila mahali nafika wa pili," alisema. "Uwanjani sawa. Lakini kwa mama yangu? Kwa mama yangu mzazi nafika wa pili?" Akashika gauni langu kama alivyokuwa akilishika zamani. "Nipeleke kwa Tingatinga."

Tulikwenda mchana huohuo. Nyumba yake ilikuwa ya tofali, ya kawaida, nguo za watoto uani, baiskeli ndogo imelazwa. Mke wake alifungua mlango, akamtazama kijana.

"Umesahau kitu?"

Kiberiti alinitazama.

"Si umetoka hapa asubuhi?" Kisha akaniona mimi. Sauti ikashuka. "Na safari hii umekuja na mama."

Alituingiza. Tingatinga alikuwa kwenye kiti cha mbao katikati ya chumba, ameelekea mlango. Alikuwa amekonda. Miguu ilikuwa pekupeku, na sakafu ya saruji chini yake ilikuwa imechimbika, mifereji miwili, kama mahali panapochezewa na mtoto kwa msumari.

Mke wake aliniinamia sikioni. "Jumamosi inakimbia," alisema. "Miguu. Yeye amekaa hapohapo, na miguu inakimbia."

Tingatinga alijikuna shingo. Kiberiti, aliyesimama kando yangu, akajikuna shingo.

Tingatinga alifuta paji la uso. Kiberiti akafuta paji la uso.

Kwa mpangilio huo. Niliangalia vizuri. Mkubwa kwanza, kijana baadaye.

"Kaka," mtoto alisema, "nimekuja kukuachia." Akasogea, akaweka kiganja kifuani kwa yule mtu, akasukuma kidogo. "Nenda zako."

Tingatinga hakusema "Nimekwenda." Aliutazama ule mkono kama mtu anayetazama barua iliyoletwa nyumba isiyo yake.

"Anayeachia ni wa mbele," alisema polepole. "Wa mbele ni nani hapa, mdogo wangu?"

Kiberiti aliutoa mkono.

"Basi niachie wewe."

"Kivuli haombi. Kivuli husubiri. Mimi nilisubiri mpaka nyavu zikashushwa."

Nilipiga magoti. Sioni aibu kusema. "Baba, mtoto huyu amekosa. Alikuwa na wivu, na wivu hauna akili. Msamehe."

Alinigeukia, na macho yake yalikuwa mapole, tena yamechoka sana. "Mama, sina kinyongo naye. Amini. Mimi nina goti tu na kiti hiki. Wivu wangu ndio uliobaki umesimama pale uwanjani. Mimi nilichukua begi nikaja nyumbani, wenyewe haukuja." Akanong'ona. "Hata mimi nausubiri urudi. Mpaka urudi au upate pa kukaa, siwezi kuinuka."

"Uko wapi sasa?" Kiberiti aliuliza.

Tingatinga alifumba macho. Mkono wake wa kulia ukainuka, ukashika hewa, ukazungusha kitu. Kichwa kikainama kidogo, kama cha mtu mrefu anayepita mlango mfupi. Mlango wetu ni mfupi.

"Unaingia," alisema.

Akatabasamu, na tabasamu halikuwa lake.

"Mama yako anacheka."

Kiberiti alikimbia. Niliita, sikuwa na pumzi ya kuita mara mbili. Nilimfuata kwa miguu yangu hii mifupi, kanga mkononi, na mtaani watu walikuwa wanashangilia. Walidhani ni mazoezi. "Choma, Kiberiti! Choma!" Muuza duka wa kona alisimama mlangoni kwake akipiga makofi.

"Leo mbio mbili!" alinipigia kelele. "Ya kwanza alikwenda taratibu. Hii ya pili ndiyo mbio!"

Nilifika. Mlango ulikuwa umefungwa. Barazani hapakuwa na mtu. Ndani cherehani ilikuwa inakwenda, tararara, inasimama, tararara.

Nikabisha. Dada akafungua.

Mwanawe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na cherehani. Mmoja tu. Alikuwa ameinua sindano kwenye mwanga wa dirisha, jicho moja amelifumba, anatunga uzi. Fulana yake ilikuwa kavu. Shingo kavu. Kifua kilikuwa kimetulia kama maji ya mtungi.

"Mwanao ameingia sasa hivi?" niliuliza.

"Sasa hivi wapi? Yuko hapa toka mchana, ananisaidia."

"Na baada yake? Hakuja mtu?"

Dada alikaa. Aliweka mguu kwenye kanyagio la cherehani, hakukanyaga.

"Alikuja," alisema. "Alibisha kwa nguvu. Nikadhani mlango utavunjika. Akawa anaita mama, mama, nifungulie mama." Aliitazama nguo iliyo mbele yake. "Niliinuka. Mwanangu akanishika mkono. Akasema, usifungue, ni mashabiki, wamenifuata toka uwanjani. Wakimpata mtu hawamwachi."

"Ukafanya nini?"

"Sikufungua."

Yule aliyekaa kwenye kigoda alimpa sindano. Uzi ulikuwa umeingia mara ya kwanza.

"Aliita mpaka lini?" nilinong'ona.

"Hakuita sana. Alinyamaza tu." Kisha dada akasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu mpaka leo. "Sauti nilidhani naijua. Lakini mwanangu alikuwa hapa, mbele ya macho yangu. Ningefungulia nani?"

Nilitoka nikatafuta. Nilizunguka nyumba, nikauliza kila jirani. Wote walimwona akikimbia kuja. Hakuna aliyemwona akiondoka.

Siku ya pili mke wa Tingatinga alinitumia ujumbe kwamba mume wake ameamka, amesimama, ameomba chai, ameenda mwenyewe kuinua ile baiskeli ndogo uani. Goti linamuuma kama kawaida. Ana furaha kama mtu aliyetua mzigo. Siku hizi anafundisha watoto mpira kwenye kiwanja cha shule, na nasikia hamruhusu mtoto yeyote amfuate mwenzake kwa nyuma.

Mtoto wetu anaendelea vizuri. Amenunuliwa na klabu kubwa, picha yake ipo kwenye mabango. Hakosi goli. Anamtunza mama yake, anampigia simu kila siku, na akija likizo humtungia sindano zote na kuzichomeka kwenye mto mdogo, zikiwa tayari. Ananiheshimu. Anauliza hali yangu. Nikimwangalia sana anaangalia pembeni, kwa upole. Dada yangu anasema hakuna mama aliyebarikiwa kama yeye, nami siwezi kumwambia kitu, kwa sababu nitamwambia nini? Kwamba amlilie mtoto ambaye yuko kwenye mabango?

Mimi nimebaki kuishi naye, maana macho yake yameisha. Asubuhi mimi ndiye ninayefagia baraza.

Mvua ikinyesha, upepo huyapeleka maji yote mpaka mlangoni, na saruji hulowa kila mahali. Isipokuwa sehemu mbili. Ziko karibu na kizingiti, upana wa nyayo za mtu, moja kando ya nyingine, vidole vikielekea ndani. Hata mvua ya siku nzima haizilowanishi. Nimewahi kumwaga ndoo ya maji pale kwa mkono wangu. Maji yaligawanyika, yakapita kulia na kushoto.

Sijamwonyesha dada. Haoni vizuri tena, hawezi kutofautisha saruji kavu na iliyolowa. Lakini akitoka nje, akifika mahali pale, huinua gauni kidogo na kupita pembeni, kama unavyompisha mtu aliyesimama.